Chuja, chambua, ainisha: namna ya kutaja uteuzi wa orodha kwa aina

Kwa ufupi

Kitenzi "chuja" kinafaa kutaja kazi ya kuteua sehemu ya orodha kwenye tovuti, kamusi au hifadhi ya nyaraka. Hata hivyo, kikiwa peke yake hakisemi ni kipi kinachobaki na ni kipi kinachoondoka. Anayeandika "Chuja methali" juu ya kitufe amemwachia msomaji swali: je, methali zitaonekana au zitafichwa? Vilevile "aina ya maudhui" si tafsiri salama ya aina ya andiko, kwa kuwa wanafunzi wa Kiswahili wamekwisha kufundishwa maana nyingine ya "maudhui". Makala haya yanaeleza maana za maneno yanayohusika, yanaonyesha utata wake kwa mfano wa orodha ya mkoa wa Mara, kisha yanapendekeza matumizi yaliyo wazi.

1. Maana ya "chuja"

"Chuja" ni kitenzi chenye matumizi mawili.

Kikiwa elekezi, maana yake ya msingi ni kupitisha kitu cha majimaji katika chombo chenye matundu madogo ili kutenganisha maji na masalia: chuja chai, chuja tui, chuja togwa. Kutokana na maana hiyo imetokea maana ya pili ya kupunguza idadi kwa kipimo fulani: chuja majina, chuja maombi ya kazi.

Kikiwa si elekezi, maana yake ni kupoteza rangi au ubora. Kanga "inachuja" rangi yake inapotoka katika maji. Katika mazungumzo ya siku hizi, msanii aliyepoteza mvuto husemwa kuwa "amechuja". Kwa sababu hiyo sentensi "Orodha imechuja" haifai kutaja orodha iliyopunguzwa. Iliyo sahihi ni "Orodha imechujwa".

Minyambuliko ya kawaida ni chujia, chujwa, chujika na chujisha. Nomino zinazotokana nacho ni hizi:

- "uchujaji" (u-): kitendo chenyewe;
- "mchujo, michujo" (u-/i-): hatua ya kupunguza idadi, hasa katika uchaguzi, michezo na mitihani;
- "chujio, machujio" (li-/ya-): chombo cha kuchujia chai au tui;
- "kichujio, vichujio" (ki-/vi-): kifaa au kanuni ya kuchuja, na ndiyo inayofaa zaidi kwa matumizi ya kompyuta.

Neno "filta" nalo limekwisha kuzoeleka, lakini makao yake ni gereji: filta ya oili, filta ya hewa. Halina haja ya kuhamishiwa kwenye orodha za maneno maadamu "kichujio" kipo.

2. Kinachobaki na kinachoondoka

Ugumu wa "chuja" hauko katika maana yake ya kamusi. Uko katika kitu kinachochujwa. Linganisha sentensi hizi tatu:

(a) Chai iliyochujwa imewekwa mezani.
(b) Wagombea waliochujwa wamerudi nyumbani.
(c) Matokeo yaliyochujwa yako hapa chini.

Katika (a), kilichochujwa ndicho kilichobaki: chai inanywewa na majani yanatupwa. Katika (b) ni kinyume chake, maana waliochujwa ndio walioondolewa. Msemaji wa Kiswahili hapati shida na sentensi hizo mbili kwa sababu anajua desturi ya jikoni na desturi ya uchaguzi. Kwa sentensi (c) hana desturi ya kumwongoza. Matokeo hayo huenda ndiyo yaliyopita, na huenda ndiyo yaliyozuiwa.

Vyombo vyenyewe vinatofautiana vivyo hivyo. Chujio la chai huzuia kisichotakiwa na kupitisha kinachotakiwa. Wavu wa mvuvi wa Ziwa Victoria huzuia kinachotakiwa na kupitisha kisichotakiwa: wavu wa sangara una macho makubwa, na samaki wadogo hupita wakaenda zao. Wavu wa dagaa una macho madogo sana, kwa kuwa dagaa ndio wanaotafutwa. Kichujio cha orodha kinafanana zaidi na wavu kuliko chujio la chai. Mtumiaji anataja anachokitafuta, na hicho ndicho kinachobaki mbele yake. Lakini kitenzi tunachokitumia kimetoka jikoni, si ziwani, na hapo ndipo utata unapozaliwa.

Pendekezo: kitenzi "chuja" kifuatwe na kigezo, si na kitu. Andika "Chuja kwa aina", "Chuja kwa mwaka", "Chuja kwa mahali". Inapobidi kutaja kitu, badilisha kitenzi: "Onyesha methali pekee" au "Ficha methali". Maneno "onyesha" na "ficha" hayana pande mbili.

3. Maneno jirani

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kutenganisha vitu, na kila kimoja kina kazi yake. Mfasiri anayetumia "chuja" kwa vyote anapoteza tofauti ambazo lugha imekwisha kumwekea.

"Chekecha" ni kutenganisha vitu vikavu kwa chekeche, kama unga na chenga zake. Kigezo ni ukubwa. Kinafaa kwa mafumbo ya kufikiri kwa makini, lakini si kwa vitufe vya tovuti.

"Pepeta" ni kutenganisha nafaka na makapi kwa ungo, na upepo ndio unaofanya kazi. Kigezo ni uzito. Makapi hupeperuka na hayakusanywi tena.

"Chagua" ni kuteua kwa hiari kimoja au baadhi kati ya vingi. Kwenye orodha, "chagua" hutaja tendo la mtumiaji la kugusa kisanduku. "Chuja" hutaja kinachotokea baadaye. Kwa hiyo inafaa kuandika: "Chagua aina moja au zaidi ili kuchuja orodha." Methali inaonya kuwa mchagua nazi hupata koroma, nayo inamhusu pia anayeweka vigezo vingi mno hata akakosa alichokitaka.

"Chambua" ni kutenganisha sehemu za kitu kwa uangalifu, mara nyingi kwa mkono: chambua mboga, chambua dagaa kwa kuondoa vichwa. Katika wilaya ya Bunda, ambako pamba hulimwa, kila mtu anajua kiwanda cha kuchambua pamba ni kitu gani. Humo nyuzi hutengwa na mbegu, na hakuna kinachotupwa: nyuzi huenda kusokotwa na mbegu huenda kukamuliwa mafuta au kupandwa. Ndiyo maana "uchambuzi" umekuwa jina la kazi ya mhakiki, anayetenganisha sehemu za kazi ya fasihi bila kuipoteza yoyote. Orodha inayogawanywa katika mafungu yote yakaonekana kwa pamoja imechambuliwa, haijachujwa.

"Panga" ni kuweka katika utaratibu bila kupunguza chochote: panga kwa alfabeti, panga kwa tarehe. Orodha iliyopangwa ina idadi ileile ya maingizo.

"Ainisha" ni kukipa kila kitu aina yake. Hiki ndicho kitenzi kinachotangulia vyote katika kazi ya orodha. Kilichoainishwa kinaweza kuchujwa, na kisichoainishwa hakionekani na kichujio hata kama kimo ndani ya hifadhi.

4. "Aina", "maudhui" na "mada"

Katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki, mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kutenganisha fani na maudhui. Fani ni umbo la kazi: muundo, mtindo, lugha, wahusika na mandhari. Maudhui ni yale yanayosemwa: dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa. Mwanafunzi huyo akikuta kwenye tovuti maneno "Chuja kwa aina ya maudhui", atatarajia kupewa mapenzi, ukoloni, ndoa au ufisadi. Badala yake atakuta makala, picha, methali na vitabu. Vitu hivyo viko upande wa fani zaidi, au kwa istilahi za fasihi simulizi, upande wa utanzu na kipera.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno matatu yenye mipaka:

- "aina ya ingizo": umbo la kinachoorodheshwa, kama kidahizo, methali, nahau, kitendawili, mahali, mtu, kitabu;
- "mada": jambo linalozungumzwa, kama uvuvi, kilimo, ndoa, siasa;
- "lebo": neno la ziada analoliongeza mhariri ili kuunganisha maingizo yanayohusiana.

Ingizo huwa na aina moja, lakini linaweza kuwa na mada nyingi. Methali "Samaki mmoja akioza, wote huoza" ni ya aina ya methali. Mada yake ni maadili, ingawa samaki ametajwa. Anayeitafuta kwa mada ya uvuvi huenda asiipate, na si haki aipate ikiwa mhariri anapanga mada kwa maana. Mhariri anayepanga kwa taswira ataiweka kwenye uvuvi. Uamuzi wowote kati ya huo unakubalika, mradi ufuatwe katika maingizo yote na msomaji aelezwe.

Je, aina ambayo haikuja na programu bali imeundwa na wenye tovuti iitweje? Programu nyingi za kuendeshea tovuti huja na aina chache tu. WordPress huanza na makala na kurasa, na toleo lake la 3.0 la mwaka 2010 ndilo lililorahisisha kuunda aina nyingine. Drupal nayo huja na makala na ukurasa wa kawaida, kisha humwachia mwenye tovuti kuongeza aina zake. Tovuti ya kamusi haiwezi kuishi kwa aina mbili hizo. Inahitaji kidahizo, methali, mahali na nyinginezo.

Baadhi ya wafasiri huita aina hizo "aina maalumu". Neno hilo linadokeza kuwa zina hadhi kuliko nyingine, jambo ambalo si kweli. Wengine husema "aina za kubuni", na msomaji akafikiri ni aina zisizokuwepo, kama hadithi za kubuni. "Aina zilizoundwa" ni wazi zaidi: zimeundwa na mtu fulani kwa kazi fulani, na zinaweza kuundwa upya.

5. Mfano: orodha ya Mara

Tuchukue orodha fupi ya maingizo kumi na manne ambayo mwalimu wa Musoma angeweza kuyakusanya kwa ajili ya wanafunzi wake. Yamepangwa kwa alfabeti, na kila moja limepewa aina.

- Bunda: mahali
- bunda: nomino
- Butiama: mahali
- furu: nomino
- Kijita: lugha
- Kitaji: mahali
- Kizanaki: lugha
- Mabepari wa Venisi: kitabu
- mara: kielezi
- Mara: mahali (mkoa)
- Mara: mahali (mto)
- Nyerere, Julius Kambarage: mtu
- Samaki mmoja akioza, wote huoza: methali
- sangara: nomino

Pasipo aina, orodha hii ingemchanganya msomaji. Anayetafuta "mara" angepata kielezi cha "mara akatokea", mkoa ambao makao yake makuu ni Musoma, na mto unaoanzia katika vilima vya Mau nchini Kenya na kuishia katika Ziwa Victoria. Anayetafuta "bunda" angepata mji na wilaya, pamoja na fungu la noti au karatasi lililofungwa pamoja. Herufi kubwa husaidia kwenye maandishi yaliyohaririwa, lakini injini nyingi za utafutaji hazitofautishi herufi kubwa na ndogo, na wanaoandika kwa simu nao hawazitofautishi.

Kichujio cha "mahali" kinaacha maingizo matano: Bunda, Butiama, Kitaji, Mara na Mara. Kichujio cha "nomino" kinaacha matatu: bunda, furu na sangara. Kichujio cha "lugha" kinaacha mawili. Maingizo manne yaliyosalia yana aina nne tofauti.

Ingizo la Kitaji linastahili kuangaliwa peke yake. Kitaji ni kata ya Manispaa ya Musoma. Kwa umbo lake lakini, neno hili linafanana na mambo mengine matatu. Lina "ki-" ya mwanzo kama majina ya lugha: Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kikurya. Msemaji wa Kiswahili asiyeijua Musoma anaweza pia kulisoma kama udogo wa "taji". Na sauti zake zinakaribiana na "mtaji" wa mfanyabiashara. Mtu akiiagiza kompyuta ihesabu kila neno linaloanza na "Ki-" na herufi kubwa kuwa lugha, Kitaji itaingia katika orodha ya lugha za Mara. Kiabakari wa Butiama na Kinesi wa Rorya wataifuata, na wote ni majina ya mahali. Kutoka hapo kosa litanakiliwa na orodha nyingine, na mwanafunzi wa mbali ataandika kuwa Mara kuna lugha iitwayo Kitaji.

Fundisho ni kwamba aina haisomwi kwenye umbo la neno. Inaandikwa na mtu anayeijua, kisha kichujio kinaitii.

Mfano wa pili ni Butiama, alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina la "Juliasi Kaizari", na "Mabepari wa Venisi" ya mwaka 1969. Katika orodha ya kamusi, Butiama ni mahali, Nyerere ni mtu, tafsiri hizo ni vitabu, na "bepari" ni nomino. Tovuti yenye aina moja tu ya "makala" itayamwaga yote katika kapu moja. Mwanafunzi wa tafsiri atakayechuja kwa "kitabu" hatapata kitu, ingawa vitabu vimo.

6. Upatanisho kama kipimo

Mhariri anayesita kuhusu aina ya ingizo anaweza kutumia kipimo ambacho sarufi ya Kiswahili imempa bure. Aliweke jina katika sentensi na kutazama upatanisho.

- Kijita kinazungumzwa kandokando ya ziwa. (lugha, ngeli ya ki-/vi-)
- Kitaji kuna wakazi wengi. (mahali, upatanisho wa mahali)
- Bunda kuna viwanda vya pamba. (mahali)
- Bunda hili la noti halijahesabiwa. (nomino, ngeli ya li-/ya-)
- Mara umefurika. (mto; upatanisho wa "mto" usiotajwa)
- Mara hii nitakuja mapema. (nomino, ngeli ya i-/zi-)

Sentensi ya mwisho inaonyesha kuwa ingizo la "mara" katika orodha yetu halijakamilika: pamoja na kielezi, kuna nomino. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa na TUKI mwaka 1981, huweka vifupisho kama "nm" kwa nomino na "kt" kwa kitenzi mbele ya kila kidahizo kwa sababu hiyohiyo. Vifupisho hivyo ni uainishaji wa karatasi. Tovuti imeongeza tu uwezo wa kuvigusa na kuona vingine vikitoweka.

Majina ya watu, lugha na nchi nayo hujipambanua kwa viambishi. Kwa mzizi "-jita" tunapata Mjita na Wajita kwa watu, Kijita kwa lugha, na Majita kwa eneo. Lakini kipimo hiki kitumike baada ya kujua mzizi. Hakuna watu waitwao "Wataji" wa kuthibitisha kuwa Kitaji ni lugha, na hilo pekee lilitosha kumtia shaka mhariri.

7. Lugha au lahaja

Si kila uamuzi wa aina ni rahisi kama ule wa Kitaji. Kijita na Kikwaya ni lugha za majirani wa kingo za Ziwa Victoria, na wasemaji wake husikilizana kwa kiwango kikubwa. Mhariri akiunda aina mbili, "lugha" na "lahaja", lazima aamue Kikwaya kikae wapi.

Orodha za kitaalamu zinaweza kumsaidia. Katika viwango vya kimataifa vya ISO 639-3, Kijita kina msimbo "jit" na Kikwaya "kya", yaani vimehesabiwa kuwa lugha mbili. Katika namba za lugha za Kibantu zilizoanzishwa na Guthrie na kuhuishwa na Maho, Kijita ni JE25 na Kikwaya ni JE251. Katika mfumo huo lahaja za Kiswahili hutajwa kwa herufi, kama G42b kwa Kimvita na G42d kwa Kiunguja. Kikwaya kimepewa tarakimu ya ziada, si herufi.

Uamuzi huu una uzito kwa wenye lugha. Kikwaya kikiwekwa chini ya "lahaja", kila anayechuja kwa "lugha" hatakiona. Mwanafunzi wa Musoma anayetafuta lugha ya bibi yake ataikosa katika orodha ya lugha za mkoa wake mwenyewe, bila ujumbe wowote wa kumwambia iko wapi. Kwa sababu hiyo tunapendekeza aina moja ya "lugha" yenye maelezo ya uhusiano ndani ya ingizo, badala ya aina mbili zinazofichana. Mjadala wa lugha na lahaja ubaki katika matini, ambako unaweza kuelezwa. Kichujio hakiwezi kueleza. Kinaonyesha au kinaficha.

8. "Na" na "au"

Kiunganishi "na" kina utata wake katika vichujio. "Onyesha methali na nahau" humaanisha kwa kawaida kuwa mtumiaji anataka aina zote mbili, kwa kuwa hakuna ingizo lililo methali na nahau kwa wakati mmoja. Lakini "Onyesha nomino na uvuvi" humaanisha maingizo yenye sifa zote mbili kwa pamoja: furu na sangara, si bunda. "Na" ya kwanza inapanua orodha, na ya pili inaipunguza.

Kanuni rahisi ni hii: vigezo vya kundi moja viunganishwe kwa "au", na vigezo vya makundi tofauti viunganishwe kwa "na pia".

- Aina: methali au nahau.
- Aina: nomino, na pia mada: uvuvi.

9. Pasipo matokeo

Kichujio kinapokosa kitu, tovuti nyingi huandika "Hakuna matokeo" au, vibaya zaidi, hutaja kigezo chenyewe: "Hakuna methali." Ujumbe wa pili unasema uongo bila kukusudia. Mwanafunzi aliyechagua Kijita kisha methali, akajibiwa "Hakuna methali", anaweza kwenda zake akiamini kuwa Wajita hawana methali. Ukweli ni kuwa wanazo, na mhariri ndiye ambaye hajaziandika au hajaziainisha.

Ujumbe wa haki utaje orodha, usitaje ulimwengu: "Hakuna ingizo la aina hii katika orodha yetu kwa sasa. Ondoa kichujio ili kuona maingizo yote." Pale penye maingizo yasiyo na aina, ni vyema kuongeza aina ya muda iitwayo "hayajaainishwa", ili nayo yaweze kuchujwa na kupatikana.

10. Makosa ya mara kwa mara

Usiandike: Chuja methali. Andika: Onyesha methali pekee.

Usiandike: Matokeo yaliyochujwa (ukikusudia yaliyobaki). Andika: Matokeo yanayolingana na vigezo vyako.

Usiandike: Orodha imechuja. Andika: Orodha imechujwa.

Usiandike: Aina ya maudhui (ukikusudia methali, kitabu, mahali). Andika: Aina ya ingizo.

Usiandike: Aina za kubuni. Andika: Aina zilizoundwa.

Usiandike: Futa vichujio (iwapo mtumiaji anaweza kuogopa kufuta maingizo). Andika: Ondoa vichujio.

Usiandike: Chuja kwa alfabeti. Andika: Panga kwa alfabeti.

11. Kwa mwalimu

Orodha ya sehemu ya 5 inaweza kutumika darasani bila kompyuta. Mpe kila mwanafunzi kadi yenye ingizo moja, pasipo kutaja aina. Waambie wenye "mahali" wasimame, kisha uone kama mwenye kadi ya Kitaji atasimama na kama mwenye kadi ya "bunda" atabaki ameketi. Mwenye kadi ya Serengeti, ukiiongeza, atakuwa na kazi kubwa zaidi: ni wilaya ya mkoa wa Mara, ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951, na jina lake limo katika lile la timu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys. Waache wabishane kabla ya kuwaambia jibu. Kisha wabadilishane kadi, waziandikie aina, na wasimame upya. Tofauti kati ya kusimama kwa mara ya kwanza na kwa mara ya pili ndiyo kazi ya kuainisha, na bila kazi hiyo kuchuja hakuna maana.

Tazama pia: ainisha, bainisha, kidahizo, kitomeo, mchujo, ngeli ya mahali, orodhesha, pambanua.